Siku moja maishani mwangu: namtafuta mbu anayebeba malaria

Saa 11 alfajiri. Mwanza mjini bado kuna giza. Tunashika barabara ya Usagara kwenda Misungwi, maana mitego ya taa tuliyoiweka jana jioni lazima ifungwe saa 12 kamili. Ukichelewa, mbu hukauka na sisimizi hushambulia mfuko. Mbu aliyekatika miguu na kupukutika magamba ya mabawa hutambuliwa kwa tabu sana.

Saa 12 asubuhi. "Mwangaluka, mayu." Mama mwenye nyumba anaitikia na kutukaribisha ndani. Mtego unaning'inia upande wa miguu ya kitanda ambacho watoto wamelala ndani ya chandarua. Jasho na pumzi zao ndizo zinazomwita mbu, kitaa kinamsogeza karibu, feni inamvuta ndani ya mfuko. Mama anautazama ule mfuko, anauliza: "Mwanangu, hawa wote wanaleta malaria?"

Hapana, mama. Swali hilo ndilo kazi yangu yote. Duniani kuna zaidi ya spishi 3,500 za mbu, na malaria ya binadamu hubebwa na jamii moja tu, Anofelesi. Humo nako, ni spishi chache kati ya mamia zenye madhara makubwa. Na anayeuma ni jike peke yake.

Saa 3. Maabara. Mbu wameshakufa kwenye friza, nawamwaga chini ya darubini. Kwanza nawatenga Kuleksi, wale wa vyoo na mitaro ya maji machafu, ambao mara nyingi ndio wanaotunyima usingizi. Kwenye mifuko ya vijiji vya ufukweni huwemo pia wale wadudu wanaopaa juu ya Ziwa Victoria kwa makundi mazito kama moshi. Watu wengi huwaita mbu, lakini hawaumi mtu.

Anofelesi jike namtambua kichwani: vipapasi viwili vilivyo pembeni mwa mrija wa kunyonyea vina urefu sawa na mrija wenyewe. Kuleksi jike vyake ni vifupi mno. Mabawa ya Anofelesi yana madoa meusi na meupe, na akiwa hai ukutani hukaa ameinua tumbo juu. Kisha naangalia miguu. Yenye vidoadoa ni ya kundi la gambiae, yaani spishi kadhaa zinazofanana. Mdogo, mweusimweusi, miguu haina vidoa: huyo ni wa kundi la funestus.

Hapo darubini inafika mwisho wa uwezo wake. Anopheles gambiae mwenyewe na Anopheles arabiensis hawatofautiani kwa macho hata kidogo, ilhali tabia zao ni mbalimbali. Gambiae anapenda damu ya mtu, tena ndani ya nyumba. Arabiensis hunywa hata ya ng'ombe, na huuma nje pia. Ukiwahesabu kama mbu mmoja, utapanga vita visivyomgusa mmojawapo. Kwa hiyo nanyofoa mguu mmoja wa kila mbu kwa ajili ya kipimo cha vinasaba.

Saa 7 mchana. Ugali na sato, halafu narudi mezani.

Sasa namkata mbu vipande viwili: kichwa na kifua huku, tumbo kule. Wageni wa maabara huuliza kwa nini tusipime mbu mzima. Sababu ni kwamba tumbo hutudanganya. Mbu yeyote akimnyonya mgonjwa atakuwa na vimelea tumboni, hata kama vitafia humo humo. Mbebaji wa kweli ni yule ambaye vimelea vimekua ndani yake kwa siku kama 10 hadi 14, vikapenya ukuta wa tumbo na kufika kwenye tezi za mate. Agosti 1897, huko Secunderabad, India, daktari Mwingereza Ronald Ross aliona vimelea kwenye ukuta wa tumbo la mbu. Mwaka uliofuata Giovanni Battista Grassi na wenzake wa Italia wakathibitisha kwamba malaria ya binadamu huletwa na Anofelesi.

Vichwa na vifua navisaga, naviweka kwenye kipimo cha ELISA. Kitundu cha sahani ya kipimo kikigeuka kijani, kuna protini ya kimelea. Lakini mbu aliyekunywa damu ya ng'ombe anaweza kugeuza kijani cha uongo, ndiyo maana sampuli zenye kijani nazichemsha kwa nyuzi 100 dakika 10, kisha nazipima upya. Hatua hii siiruki hata nikiwa nimechoka vipi. Kijani cha uongo kinaweza kumbebesha spishi nzima lawama isiyo yake.

Saa 10 jioni. Majibu ya vinasaba ya sampuli za nyuma. Kwenye picha ya kipimo, kila spishi huonyesha mstari kulingana na urefu wa kipande cha vinasaba vyake: mstari wa 390 ni gambiae, wa 315 ni arabiensis. Kwenye kundi la funestus, 505 ni funestus halisi, na ndiye aliyejaa kwenye picha ya leo. Sishangai. Ukinzani wake dhidi ya pairethroidi, dawa zinazowekwa kwenye vyandarua vingi, unajulikana huku. Hapa hapa Misungwi vyandarua vya dawa mbili vilijaribiwa, na matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kuwa vile vilivyoongezwa dawa ya pili, klorofenapiri, viliwakinga watoto zaidi ya vile vya pairethroidi tupu.

Saa 11 jioni. Mwenyekiti wa kitongoji anapiga simu, anataka kujua kama vijana waanze kufukia madimbwi ya barabarani. Namwambia wafukie, mzee wangu, kwa sababu gambiae na arabiensis huzaliana humo na kwenye nyayo za ng'ombe. Ila funestus anataka maji yanayodumu, yenye nyasi na matete, ndiyo maana kiangazi hakimmalizi. Kwenu hayo ni yale ya lambo. Kesho saa 2 tutakuja na vikombe vya kuchotea viluwiluwi tuanzie huko, na kijana mmoja anayezijua kingo zake atusubiri pale.