Usikubali kupigiwa window kabla mafaili hayajatoka

Kompyuta ya nyumbani ikigoma kufunguka, neno la kwanza utakalosikia mtaani ni "piga window", yaani ifutwe na iwekewe Windows upya. Neno hilo linaniuma. Kupiga window kuna siku yake, na siku hiyo ndiyo dawa, lakini kwetu linatamkwa kabla mtu hajaangalia mashine imekwamia wapi, na kabla hajamuuliza mwenye mali ndani yake kuna nini.

Ya shangazi yangu, Tanga, ilikuwa na hesabu za kikoba cha akina mama wa mtaani kwao, mitihani aliyotunga miaka yote aliyofundisha, na picha za marehemu mumewe ambazo hazipo kwenye simu ya mtu yeyote. Fundi aliyeitwa alimuuliza swali moja tu: "Mama, kwenye D una kitu?" (Disiki moja mara nyingi hugawanywa sehemu mbili, C yenye Windows na D ya kuhifadhia vitu.) Shangazi akajibu hana, na kweli hana. Vitu vyake vyote viko pale mbele, kwenye uso unaokupokea Windows ikishafunguka, na vingine viko Documents. Hapo ndipo watu wengi wanapopotezea mali zao. Vya pale mbele, vya Documents na vya Pictures, kwa kawaida vyote vinakaa C, na C ndiyo inayofutwa. Ukishajibu "D sina kitu" umeshatoa ruhusa bila kujua.

Alhamdulillahi akanipigia kabla hajakubali. "Mwanangu, anasema disiki imekufa, halafu tena Windows 10 imeshafungwa, ndiyo maana haifunguki. Nimwache afute?" Nikamwambia, shangazi, asiguse kitu, Jumamosi nakuja.

Hilo la Windows 10 nilimalize hapa hapa, maana naona linatumika kuwatisha wazee. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kilichokoma ni masasisho, hasa yale ya usalama, kwa kompyuta ambazo hazikuandikishwa kwenye mpango wa nyongeza. Ni jambo la kulifikiria kwa uzito kama unaingia intaneti. Lakini haliifanyi kompyuta ikatae kuwaka.

Kompyuta ya mezani huamka kwa hatua. Umeme unaingia kwenye pawa saplai, kisha mashine inajikagua yenyewe (prosesa, RAM yaani kumbukumbu ya muda, kioo, kibodi), kisha inatafuta disiki ya kubutia, yaani ya kuanzia kuwaka, na mwisho kabisa ndiyo Windows inapakiwa. Ukijua imefika hatua gani, umeshajua pa kutafuta. Taa haiwaki na feni hazizunguki? Hapo hata usiitaje Windows. Angalia soketi, waya, na ile swichi ndogo ya nyuma. Feni zinazunguka ila kioo ni cheusi, au inatoa mlio wa kurudiarudia? Anza na RAM. Miji ya pwani kama Tanga ina hewa ya chumvi, na ile safu ya dhahabu ya RAM hushika uchafu usiouona kwa macho. Chomoa umeme, toa RAM, sugua safu hiyo taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka vibano vilie. Nimeona mashine zilizokwisha kuhukumiwa zikiwaka kwa kifutio tu. Logo inatokea halafu inasema hakuna disiki ya kubuti? Chomoa kwanza kila flashi iliyochomekwa, huenda inahangaika kubuti kutoka humo. Pawa saplai yenyewe usiifungue, hata ukiwa umechomoa waya. Kapasita zake hubaki na chaji ya kuumiza mtu.

Ya shangazi ilipita hatua hizo za mwanzo bila shida. Ikalia mara moja, logo ikatokea, kisha maandishi meupe juu ya weusi: saa haijawekwa, bonyeza F1 uendelee. Ukibonyeza, vidoti vinazunguka, kioo kinageuka bluu na maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE, yaani Windows inasema haiifikii disiki ambayo yenyewe imewekwa humo. Inajizima, inawaka, inajaribu kujitengeneza, inashindwa, inarudi kule kule.

"Shangazi, haya ya F1 yameanza lini?"

"Ah, hayo ya siku nyingi mwanangu. Mimi nabonyeza tu, inaendelea."

Fundi hakuuliza hilo. Mimi kwangu lilikuwa ndilo jibu lenyewe, ila sikukimbilia kurekebisha. Niliingia BIOS, ile programu ndogo ya kwenye mashine yenyewe inayoiamsha kabla ya Windows, kutazama tu. Disiki ilikuwepo kwenye orodha, kwa jina lake na ukubwa wake, na ukiweka sikio haitoi mlio wa kugonga-gonga. Disiki inayogonga namna hiyo ni ya kuzimwa mara moja na kupelekwa kwa mtu anayeokoa data, kwa sababu kila dakika ya kuihangaisha inapunguza unachoweza kupata. Hii ilikuwa kimya, inazunguka vizuri.

Nikachomeka flashi yenye Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, niliyoiandaa nyumbani, nikabuti kutoka humo, nikachagua kuijaribu bila kuiweka. Linux ya namna hii inakaa kwenye RAM na flashi tu. Haigusi disiki mpaka wewe uiambie. Ikafungua C ya shangazi, folda zote zikaonekana. Alikuwa amekaa pembeni yangu na miwani yake. Nilipofungua picha ya mumewe akiwa na kanzu siku ya Idi akaniambia, "Anza na hizo." Nikaanza na hizo, kisha kikoba, kisha mitihani, vyote kwenda kwenye disiki ya nje. Ilichukua mpaka Magharibi ikaadhiniwa, na nisingekubali kufanya jingine lolote kabla hayo hayajaisha.

Kinachonishangaza ni kwamba kifaa hiki ni flashi moja tu, Linux yenyewe ni ya bure, na fundi yeyote anaweza kuwa nayo mfukoni. Mteja akiulizwa "tutoe mafaili kwanza?" hakuna atakayesema hapana.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, kuna betri bapa ya duara, CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa na, kwenye mashine nyingi za zamani, kuitunzia BIOS mipangilio yake. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, hata ukiwa umeizima, pawa saplai hupeleka umeme kidogo kwenye madabodi na betri inapumzika. Lakini nyumba zetu nani analala bila kuzima soketi? Shangazi huzima kila usiku, na umeme ukikatika huchomoa kabisa kwa kuogopa utakavyorudi. Yuko sahihi, na aendelee hivyo. Ila usiku kucha anayebeba saa ni betri, na mashine yake ni ile iliyotumika maofisini Ulaya kabla ya kuja huku, betri ikiwa ile ile.

Betri ilipoanza kuchoka, iliyopotea ni saa tu, ndiyo ule ujumbe wa F1. (Ukiona kila tovuti inakuambia si salama, angalia tarehe ya kompyuta kwanza, vyeti vya tovuti hupimwa kwa tarehe.) Ilipokata kabisa, mipangilio nayo ikafutika, BIOS ikarudia ya kiwandani. Na humo kuna kipengele kinachoamua mashine itumie disiki za SATA (zile za waya wa kawaida wa disiki) kwa mtindo gani: AHCI, RAID, au IDE kwa zile za zamani zaidi. Windows ya shangazi iliwekwa kipengele kikiwa AHCI. Kiwandani kilikuwa RAID. Ikarudi RAID, Windows ikaamka na dereva (programu ya kuongea na kifaa) ya AHCI mkononi, ikashindwa kuifikia disiki iliyo nzima kabisa.

Nikarudisha AHCI, nikaweka tarehe, F10 kuhifadhi. Windows ikafunguka, na kila kitu mahali pake. Kisha nikazima na kuchomoa, nikapima betri kwa mita: haikufika hata volti 2, wakati mpya huzidi 3 kidogo. Mpya tulipata kwa muuza saa, maana ni betri hiyo hiyo ya rimoti nyingi za magari. Upande wa jumlisha unakaa juu. Baada ya kuiweka ilibidi niingie BIOS tena kurudisha AHCI na tarehe, na safari hii vikabaki.

Betri ya zamani niliifunga kwa utepe wa gundi na kuondoka nayo. Nyumba ya shangazi ina wajukuu, na betri ya aina hii mtoto akiimeza ikakwama kooni inaweza kumchoma ndani kwa ndani katika muda wa saa 2. Ikitokea, ni hospitali papo hapo, hakuna kusubiri itoke.

Kwa wenye laptop za miaka ya karibuni: kabla ya kubadili chochote BIOS, tafuta ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows linalofunga data za disiki), tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Disiki ikiwa imefungwa kwa BitLocker, badiliko dogo la BIOS linaweza kuifanya iudai ufunguo huo, na bila ufunguo hakuna Linux itakayokusaidia.

Kabla sijafunga kava la mashine ya shangazi niliandika upande wa ndani kwa kalamu ya wino mzito: SATA iwe AHCI, betri CR2032, na mwezi tulioibadilisha. Fundi atakayefungua siku nyingine atayaona kabla hajashika kitu.