"Bado usiku, mama": vuli yetu na mtoto wa miaka mitatu Hamburg

Asubuhi ya kwanza nilidhani ana homa. Nikamshika paji la uso, halina joto. Nikavuta blanketi, naye akalivuta tena, akageukia ukutani. "Bado usiku, mama."

Nikatazama dirishani. Nje giza totoro, taa za barabarani zinawaka, na ile mvua nyembamba ya Hamburg huioni ila pale inapopita kwenye mwanga wa taa. Saa yangu ya mkononi ilikuwa saa moja kamili. Ilikuwa katikati ya Oktoba mwaka jana, mwanangu ana miaka mitatu na miezi minne, na kuanzia siku hiyo kila asubuhi yetu ikawa ya kilio.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba hakuwa akinidekea. Alikuwa ananijibu kwa somo nililomfundisha mwenyewe. Nyumbani tunasema Kiswahili tu, Kijerumani anakipata chekechea, na saa nimemfundisha kwa Kiswahili: jua likishatoka, ni saa moja, siku imeanza, likizama, siku imekwisha, tunalala. Kwetu Tanga somo hilo halina tatizo. Mwaka mzima jua linachomoza baada ya saa kumi na mbili hivi, na saa moja ikifika kumeshakuwa kweupe, watoto wako njiani kwenda shule. Hapa nilianza kumfundisha mwezi Juni, wakati jua la Hamburg linatoka hata saa kumi na moja alfajiri haijafika, kwa hiyo somo likakubali. Oktoba likakataa. Katikati ya mwezi ule jua lilikuwa linatoka saa mbili kasoro robo, na kila siku linachelewa dakika mbili zaidi. Mtoto anaona giza, mama anasema saa moja. Akaamua kuliamini jua.

Baba yake anafanya kazi ya zamu bandarini, wiki nyingi anatoka nyumbani saa kumi na moja. Mimi niko jikoni kwenye kantini, naingia saa mbili na nusu. Maana yake mtoto lazima awe chekechea saa mbili, na tuwe kwenye basi dakika ishirini kabla. Wiki nzima nilimvalisha kwa nguvu. Kuna siku nilimbeba hadi kituoni viatu vikiwa mkononi mwangu, yeye analia, na mimi machozi yananitoka nimegeukia kioo cha basi ili asinione. Nilipochelewa kazini mara ya tatu msimamizi aliniita. Hakunifokea, lakini nilijua ya nne isije ikatokea.

Nilijaribu kuwasha taa kubwa ya chumbani ghafla. Alijifunika uso akalia zaidi. Nilijaribu kumwahidi chokoleti, ikafanya kazi siku mbili, ya tatu akataka mbili.

Jumapili huwa tunampigia mama yangu simu ya video. Yeye humwita mjukuu wake mume wangu, kama bibi zetu wote wa pwani. "Mume wangu hajambo?" Nikamweleza kwamba mumewe hataki kuamka kwa sababu jua halijatoka. Mama akasonya kidogo. "Kwani mimi huamka na jua? Mimi huamka alfajiri."

Lile neno lilinikaa. Mama anakaanga vitumbua vya kuuza. Miaka yote ya utoto wangu alikuwa ameshawasha jiko kabla hata ya adhana, na sisi tunaamka gizani kwa harufu ya iliki. Mwanangu nilimpa maneno mawili tu, usiku na mchana, nikaacha yote yaliyo katikati: usiku wa manane, alfajiri, mapambazuko, asubuhi. Kumbe katika lugha yetu kuna giza la kulala na kuna giza la kuamka, nami sikumwambia.

Nikamwomba mama anirekodie sauti akiwa jikoni. Akaituma kesho yake. Unasikia kwanza mafuta yanachacharika, jogoo wa jirani, kisha yeye: "Mume wangu, kumekucha? Bado. Lakini alfajiri imefika, mimi nimeshaamka. Nawe amka unywe uji."

Nilichofanya baada ya hapo ni hiki. Nilinunua taa ndogo ya mwanga wa rangi ya chungwa, nikaiweka sakafuni pembeni, mbali na uso wake. Saa moja kasoro robo naiwasha, simsemeshi, nakwenda kukoroga uji wa ulezi nikiacha mlango wazi. Saa moja nawasha sauti ya bibi. Siku ya kwanza alikurupuka akauliza, "Bibi yuko wapi?" akamtafuta hadi bafuni, na nilipomwambia yuko Tanga akalia. Nilitaka kuiacha. Siku ya pili alisikiliza akiwa amelala. Siku ya nne akaomba irudiwe, akaja jikoni peke yake na blanketi lake begani, akachungulia nje, akasema, "Alfajiri." Sikumjibu kitu, nilimpa bakuli lake.

Bado kulikuwa na nguo. Mtu asiyeishi na mtoto nchi za baridi hawezi kujua hapa panakula dakika ngapi. Fulana, sweta, soksi za sufu, suruali, halafu juu yake suruali ya mpira ya kuchezea matope yenye mikanda ya mabegani na mipira ya kupitisha chini ya buti, kisha buti, koti, kofia, glavu. Chekechea wanatoka nje kila siku, mvua au jua, na hawakubali mtoto aje bila suruali ile. Mwalimu wake mmoja, mama mtu mzima mwenye subira, ndiye aliyenionyesha namna wanavyovaa koti wenyewe. Unalitandaza sakafuni, ndani yake ikitazama juu, kofia ya koti ikielekea miguuni mwa mtoto. Anainama, anaingiza mikono yote miwili kwenye mikono ya koti, anainyanyua juu, na koti linapinduka kichwani na kumshukia mgongoni. Mara ya kwanza alipofaulu alilivua akalivaa tena mara tano. Tangu hapo nazipanga nguo zote usiku kwenye korido, mstari mmoja kutoka mlango wa chumba hadi mlango wa nje, kwa mpangilio wa kuvaliwa, naye anazifuata moja moja. Akifika mlangoni amekwisha.

Tukawa tumetulia, halafu saa zikabadilishwa. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ikifika saa tisa usiku, saa zote zinarudishwa nyuma hadi saa nane. Mtoto hana habari na hilo. Saa kumi na mbili kasoro alikuwa jikoni anadai uji, na saa kumi na mbili jioni kichwa kinamwangukia kwenye sahani. Siku ileile tukampigia bibi saa yetu ya kawaida, saa kumi, tukamkuta ana wasiwasi mkubwa, amekaa na simu mkononi saa nzima. Wakati wa kiangazi yeye yuko mbele yetu kwa saa moja, tangu siku ile anakuwa mbele kwa saa mbili. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nyie zirudisheni, mimi nitabaki hapahapa." Tukakubaliana tumfuate yeye: simu ni saa kumi na moja ya Tanga, mwaka mzima.

Kumrekebisha usingizi nilichukua wiki nzima: chakula, kuoga na kulala nikavichelewesha dakika kumi zaidi kila siku. Mwaka huu nitaanza Jumatatu kabla ya saa kubadilika, ili siku hiyo ikifika awe ameshafika yeye. Nawashauri wenye watoto wadogo wafanye hivyo.

Asubuhi zikapata nuru kidogo kwa wiki chache, lakini giza likahamia jioni. Mwanzoni mwa Novemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja, na katikati ya mwezi ni saa kumi na robo. Namchukua chekechea saa tisa na nusu. Nikaweka sheria moja: hatuendi nyumbani moja kwa moja. Hata mvua ikinyesha, tunapita bustanini nusu saa. Daktari wake alishanieleza kwamba kuanzia Oktoba hadi Machi jua la huku halina nguvu ya kuusaidia mwili kutengeneza vitamini D, na sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji jua zaidi, kwa hiyo matone anampa. Ila mwanga wa mchana wenyewe nauona unavyombadilisha. Siku tusizopita bustanini halali vizuri.

Kule bustanini ndiko alikoipenda vuli. Anaburuza buti kwenye majani makavu, anataka nisikie. Jumapili moja tulimpigia bibi tukiwa hukohuko, akaona matawi matupu nyuma yetu, akashtuka: "Miti yote hiyo imekufa?" Mwanangu akamjibu, "Imelala." Mama akacheka, akainuka na simu hadi uani, akatuonyesha mti wetu wa mkungu. Majani yake yalikuwa yameiva mekundu, mengine yametapakaa chini hajayafagia, na ardhi imelowa kwa mvua za vuli. Mwanangu akasogeza simu hadi puani. "Bibi, na kwako vuli!" Mimi nimekua chini ya mkungu ule, nimeyafagia majani yale miaka na miaka, na sikuwahi kuyatazama hivyo.

Kuna na zile mbegu kubwa za kahawia ambazo Wajerumani wanaziita Kastanien, watoto wote wanaziokota. Za bustanini haziliwi, hilo nilimwambia kwanza kabisa. Alizijaza kila mfuko, nami nikasahau mfuko mmoja wa plastiki nyuma ya mlango, nikazikuta zimeota ukungu zote. Akahuzunika sana. Tulizookota tena tulizianika kwenye gazeti karibu na hita, na zilipokauka baba yake akazitazama akasema, "Hizi si kete hizi?" Kweli zinafaa. Nilichukua makasha manne ya mayai kumi kumi, nikakata vishimo viwili kila kasha vikabaki vinane, nikayaunganisha kwa gundi: safu nne za vishimo vinane vinane, bao kamili. Tukahesabu kete sitini na nne pamoja, yeye akiruka sitini kila mara. Kucheza bao hajui bado, anajua kutia kete moja kila shimo na kuzunguka. Lakini jioni alizokuwa akiniomba nguo za kulala saa kumi na moja kwa sababu kuna giza, sasa anaomba bao.

Matembezi ya taa ya chekechea yetu yalikuwa Novemba, saa kumi na moja na nusu. Hamburg matembezi hayo yanaanza tangu Septemba: watoto wanatoka jioni na taa za karatasi zilizoning'inizwa kwenye fimbo, wazazi nyuma yao, wanaimba. Ya kwake ilikuwa ya karatasi ya manjano aliyoibandika majani matatu, na balbu ndogo ya betri ndani. Hakuimba hata wimbo mmoja. Alikuwa anaishikilia fimbo kwa mikono miwili, macho yote kwenye taa, na mara mbili nilimzuia asiingie kwenye kidimbwi.

Njiani nikampigia mama. Ilikuwa saa moja na nusu usiku kwao, umeme umekatika, simu ikaonyesha weusi mtupu. Tukasikia kiberiti, kisha kandili likawaka na uso wake ukatokea, karibu kabisa na kioo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Hiyo taa yako inatumia mafuta gani?"

"Betri."

"Haya, inyanyue nione."

Akainyanyua juu ya kichwa, na kule mama akanyanyua lake.