Swali la baba mdogo kuhusu Waebrania 6

Kengele ya kanisa haikupigwa baba mdogo alipokufa. Kijijini kwetu, mkoani Kagera, msharika akifariki kengele hulia asubuhi, na walioko shambani huacha majembe wakaulizana ni nani. Siku ile ilikuwa kimya. Habari zilipita kwa midomo, kibanja kwa kibanja, na kila aliyezipokea aliuliza jambo moja kabla hata ya kuuliza marehemu aliumwa nini: "Alikuwa amerudi kundini?"

Hakuwa amerudi. Alikuwa ametengwa kwa miaka tisa. Kwa wasomaji ambao si Walutheri, maana yake ni kwamba hushiriki Meza ya Bwana, husimamii ubatizo wa mtoto wa mtu, na ukifa kabla ya kurudishwa mbele ya usharika, mchungaji haji kukuzika.

Kabla ya hapo alikuwa mwinjilisti wa mtaa kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa na baiskeli, na nyuma yake alifunga kwa mpira mfuko wa nailoni wenye Biblia, kitabu cha nyimbo na boksi la chaki. Chaki zilikuwa za kwaya. Ni yeye aliyenifundisha kuimba sauti ya pili, akiandika d, r, m ubaoni na kugonga mapigo kwa kidole. Nilipougua malaria nikiwa darasa la tatu, alikaa kando ya kitanda changu usiku kucha akiomba kwa sauti ndogo ili asiniamshe. Kisha mke wake akafa. Akaanza kunywa rubisi, akaishi na mwanamke mwingine bila ndoa, akatengwa, na mwishowe hata ibadani akaacha kuja.

Wiki tatu kabla ya kifo chake nilikwenda kumwona. Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu, nasomea Kiswahili. Walikuwa wamemwekea kitanda sebuleni, miguu imevimba. Akaniambia nifungue Waebrania sura ya sita, mstari wa nne. Nikasoma: "Kwa maana hao waliokwisha kupewa nuru, na kukionja kipawa cha mbinguni..." Nilipofika "wakaanguka baada ya hayo, haiwezekani kuwafanya upya tena hata wakatubu," akainua mkono niishie hapo.

"Wewe ndiye mwalimu wa Kiswahili. Hiyo haiwezekani ni haiwezekani, au kuna njia?"

Nikamwambia, "Baba, pumzika kwanza." Nikamvuta shuka mpaka kifuani. Sikusema zaidi ya hapo, na sikumwona tena akiwa hai.

Imepita miaka kumi na mitano. Ninayoandika hapa ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Sasa nafundisha Mwanza, na mjadala huu nausikia mpaka ofisi ya walimu. Mwenzangu mmoja ni Mbaptisti. Anasema aliyeokoka kweli ameokoka milele, na anayeacha njia hakuwa wa kweli tangu mwanzo: "Walitoka kwetu, lakini hawakuwa wa kwetu," 1 Yohana 2:19. Jirani yangu Mpentekoste anasema jina lililoandikwa katika kitabu cha uzima laweza kufutwa, na Ufunuo 3:5 anaijua kwa moyo. Wote wawili wanampenda Mungu kuliko wengi ninaowafahamu. Lakini kila mmoja akimaliza kusema, namkumbuka baba mdogo na naona maneno yao hayamtoshi.

Nikifuata ya Mbaptisti, ile miaka kumi na mmoja ilikuwa ya uongo, na maombi ya usiku ule kando ya kitanda changu pia. Siwezi kusema hivyo, nilikuwepo. Tena, kama mtu aweza kuamini, kuomba na kulia miaka kumi na mmoja bila kuwa wa kweli, mimi nitajuaje kwamba ni wa kweli? Nikifuata ya jirani, narudi kwenye ujana wangu: kila kongamano la wanafunzi nilinyoosha mkono kuokoka upya, kwa sababu katikati nilikuwa nimedanganya, au nimemchukia mtu. Nilikuwa binti anayeingia na kutoka mlango ule ule, na kila usiku nililala nikiogopa kwamba Bwana angerudi nikiwa nje.

Swali hili ni la zamani kuliko madhehebu yetu yote. Mwaka 250 Kaisari Decius aliagiza watu wa dola nzima ya Roma watoe sadaka kwa miungu na kupewa hati ya kuthibitisha. Baadhi ya hati hizo zimepatikana Misri, zimeandikwa kwenye mafunjo. Wakristo wengi walitoa sadaka. Wengine walinunua hati bila kutoa. Mateso yalipopungua walirudi makanisani wakilia. Kule Roma, Novatian akashikilia kwamba kanisa halina ruhusa ya kuwapokea tena walioanguka hivyo. Cyprian, askofu wa Carthage, mji uliokuwa katika nchi ya Tunisia ya leo, hakutaka toba ya mzaha, na aliwakemea waliotaka kurudi mezani siku hiyo hiyo. Lakini aliyetubu, akawa anakaribia kufa, huyo apewe amani, yaani apokewe tena kanisani, asingojeshwe. Cyprian mwenyewe aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 258, kwa hiyo hakuna wa kumwambia alichukulia kuanguka kirahisi.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje. Kwetu mzee wa kanisa alisema tungoje mchungaji. Mchungaji alikuwa na mitaa mingi, mvua zilikuwa zimekata barabara, na utaratibu ulimtaka mgonjwa asimame mbele ya usharika, naye hakuweza kusimama hata mbele ya kitanda chake. Simlaumu mtu mmoja. Najua pia kwamba kutenga kuliwekwa ili mtu ashtuke arudi. Lakini anayekaribia kufa hangojeshwi, na jambo hilo lilijulikana Afrika miaka 1,700 na zaidi kabla ya baba mdogo kuugua.

Hata Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo sisi Walutheri tunalikiri, linalo katika kifungu cha 12. Kifungu hicho kinawakataa wanaosema aliyehesabiwa haki hawezi tena kumpoteza Roho Mtakatifu. Na hapo hapo kinawakataa wafuasi wa Novatian, kwa jina, kwa kuwa walikataa kuwapa ondoleo waliotubu baada ya kuanguka. Mtu aweza kuanguka kweli, na aliyeanguka akirudi kanisa linapaswa kumpokea. Usharika wetu ulikumbuka nusu ya kwanza. (Ndugu zetu wa mkondo wa Calvin walilikata shauri kwa namna nyingine kule Dordrecht, Uholanzi, mwaka 1618 na 1619: Mungu huwalinda wateule wake hata mwisho. Nawaheshimu. Na wao pia waliandika kwamba mtakatifu aweza kuanguka vibaya sana, kama Daudi, kama Petro.)

Basi nirudi kwenye swali nililoulizwa, kama mwalimu wa Kiswahili.

Baba, tazama kitenzi kinachofuata. Haiwezekani kuwafanya upya, "kwa kuwa wamsulibisha Mwana wa Mungu mara ya pili." Haikuandikwa "walimsulibisha". Ni ile "-a-" ninayowafundisha kidato cha pili: tendo la wakati uliopo, si lililopita. Kigiriki chenyewe nacho kina tendo linaloendelea hapo. Si wafafanuzi wote wanaolipa jambo hili uzito ninaoupa mimi, lakini silioni kuwa dogo. Barua ile iliandikwa kwa watu waliochoshwa na mateso, wanaopima kumwacha Kristo wazi wazi. Mtu wa namna hiyo, maadamu nyundo ingali mkononi mwake na hataki kuiweka chini, utamfanyaje upya? Hakuna msalaba mwingine wa kumpelekea. Wewe uliyeniita ukiwa na miguu imevimba, ukauliza kama kuna njia, nyundo yako iko wapi?

Najua utaniuliza habari za Esau wa Waebrania 12:17, aliyetafuta kwa machozi asipate, maana mwinjilisti lazima aulize. Fungua Mwanzo 27. Alichokililia Esau pale ni baraka ya baba yake. Hakuna aliyemsikia akililia dhambi.

Kisha shuka mpaka mstari wa tisa. Baada ya radi yote ile, mwandishi anawaita "wapenzi", na kusema kwao anatumaini mambo mazuri zaidi. Onyo lile alimpa mtu anayetembea ukingoni, ili asitupe mguu. Kulichukua na kulisoma juu ya aliyekwisha kuanguka, aliyelala chini anaita, ni kumtupia jiwe badala ya kamba.

Wala sisemi onyo ni la kutisha watoto tu. Dema, mwenzake Paulo, aliupenda ulimwengu huu akaenda, na Biblia haituambii kwamba alirudi. Nimeona watu waliotoka taratibu, bila ulevi, bila kashfa, wakiheshimiwa, mpaka siku moja Kristo hakuwa na maana yoyote kwao, na hawakuumia. Hao ndio wanaoniogopesha. Mimi mwenyewe, nikiona wiki mbili zimepita sijaomba na moyo haujauma, nasoma Waebrania 6 kwa sauti, na najisomea mimi.

Lakini neno ninalotaka ulisikie mwisho ni la Luka 22:32, kwa Petro: "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Kutindika ni kuishiwa. Ndilo neno la harusi ya Kana, divai ilipowatindikia. Bwana hakumwombea Petro asianguke, kwa maana aliyajua ya jogoo. Aliomba kisikauke kabisa kilichomo chini ya mtungi. Na tazama, hakusema "ukiongoka". Tofauti ya "-ki-" na "-po-" naifundisha kila mwaka: "-ki-" inangoja kuona kama itakuwa, "-po-" inajua kuwa itakuwa na inangoja saa tu. Alisema "utakapoongoka" kabla Petro hajakana hata mara moja.

Ukiniuliza kama wokovu unapotea, nitakujibu kwamba sijaona mahali Bwana anapouzungumza kama funguo zilizodondoka mfukoni mwangu. Katika Luka 15 kondoo ndiye anayepotea, na mchungaji ndiye "akipotewa". Hasara ni yake, na anayetoka kutafuta ni yeye. Mtu anaweza kumkimbia. Anaweza kumkimbia mpaka mwisho, naamini hivyo, na inaniuma kuamini hivyo. Lakini anayegeuka shingo kuuliza njia iko wapi, huyo tayari ana mkono begani.

Siku ya mazishi mchungaji hakuja. Walikuja akina mama wa Uamsho, wale wa ule moto uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukafika kwetu kupitia kwa wazazi wao. Hawakuomba ruhusa kwa mtu. Walikaa juu ya nyasi, wakatafuna kahawa kama watu wengine msibani, na jeneza lilipoinuliwa wakasimama wakaimba Tukutendereza mpaka kaburini, chini ya migomba. Mama ndiye aliyeomba. Alisema, "Bwana, huyu ni mwinjilisti wako, unamjua," kisha akashindwa kuendelea, na wengine wakaitikia amina.

Mwaka huu ukoo umechanga saruji ya kaburi. Kulikuwa na ubishi kama kuna haki ya kuandika maneno ya Biblia juu ya mtu aliyekufa ametengwa. Mama alisema mimi ndiye nichague. Nilituma maneno sita kwa simu: "Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike."

Jana fundi alinipigia akiuliza kama neno la mwisho limeandikwa sawasawa, maana hajawahi kuliona. Nikamwambia ndiyo, alichonge hivyo hivyo.