Siku moja maishani mwangu: waya mmoja, mikataba miwili

Saa 11:20 alfajiri. Simu inalia kabla ya kengele niliyoitega. Ujumbe umetoka kwenye mtambo: kitambuzi cha magari namba 4 hakijibu. Mimi ni mhandisi wa jiji, nasimamia mikataba ya matengenezo ya barabara na taa za kuongozea magari. Watu wakisikia hivyo hudhani nashinda na koleo. Nashinda na makaratasi.

Saa 1:10 asubuhi. Sijafika ofisini, nimepitia kwanza kwenye makutano yenyewe. Barabara kuu imefungana. Barabara ndogo ya pembeni haina gari hata moja, lakini kila zamu inapewa kijani chake kizima, sekunde 30, huku madereva wa barabara kuu wakiitazama kwa hasira.

Chanzo kiko chini ya lami. Pale kuna koili ya waya iliyolazwa kwenye mfereji mwembamba uliokatwa kwa msumeno. Gari likisimama juu yake, chuma chake hubadilisha kidogo hali ya umeme ndani ya koili, na kidhibiti kilicho kabatini kikajua kuna anayesubiri. Waya ukikatika, kidhibiti hupangwa kuamini kwamba gari lipo muda wote. Ni afadhali kumpa kijani asiyekuwepo kuliko kumnyima aliyepo. Sina ugomvi na busara hiyo, ila asubuhi kama hii inaumiza.

Naangalia chini: lami mpya, bado nyeusi ti. Usiku wa jana mkandarasi wa barabara alikwangua sentimita 5 za juu ili aweke tabaka jipya. Waya wetu ulikuwa ndani ya sentimita hizo hizo.

Saa 2:45. Nimewaita wote wawili. Wa lami anasema, "Mama, mchoro mliotupa hauonyeshi waya wowote pale." Wa taa anasema, "Mkataba wetu ni kutengeneza kilichochakaa. Hiki kimekatwa." Nafungua mikataba yote miwili na kusoma kifungu kwa kifungu. Wa lami una kurasa mbili nzima za kulinda mabomba ya maji na nyaya za umeme. Koili haitajwi popote. Saini yangu ndogo iko pembeni ya kila ukurasa.

Basi, wote wana haki. Gharama itatoka kwenye fungu letu la dharura, na hati ya mabadiliko ya kazi naiandika mimi.

Saa 4. Wakati tunasubiri usiku ili koili mpya ilazwe, fundi wa taa anapendekeza tupunguze kijani cha barabara ndogo hadi sekunde 12. Foleni itapungua, kweli. Lakini kijani hicho hicho ndicho wanachovukia waenda kwa miguu kukata barabara kuu, yenye upana wa mita 14. Kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, kuvuka tu kunakula karibu sekunde 12, na hapo mtu hajainua hata mguu. Nikaongeza 7 za kuanzia. Tumekubaliana 19, wala sishuki hapo.

(Taa ya kwanza ya kuongozea magari iliwekwa London mwezi Desemba 1868. Ilikuwa ya gesi, ikalipuka wiki chache baadaye na kumjeruhi polisi aliyekuwa akiiendesha. Kila nikiikumbuka najiuliza matengenezo yake yalikuwa jukumu la nani.)

Saa 5:30. Ombi la malipo la viraka. Kwenye karatasi ni kazi ya kupigiwa makofi: kila shimo lililoripotiwa limezibwa ndani ya saa 48. Nikaweka picha za mwezi huu kando ya zile za mwezi uliopita. Shimo ni lile lile, hata umbo lake nalikumbuka. Wanamwaga lami baridi juu ya maji, wanaipigapiga, wanapiga picha, wanaondoka. Maji yanabaki chini, magurudumu yanayasukuma, kiraka kinang'oka. Nao hawajavunja mkataba: tuliwaambia tutalipa kwa idadi na kwa haraka, wametupa idadi na haraka.

Mkataba unaofuata utalipa kila mwezi kwa hali ya kipande chote cha barabara, na shimo likirudi, malipo yanakatwa. Nao una mtego wake: mkandarasi anaweza kuomba kazi kwa bei ya chini, akapumzika miaka miwili, akakurupuka karibu na mwisho. Kwa hiyo ukaguzi utakuwa wa kushtukiza, tena kuanzia mwezi wa kwanza.

Saa 8 mchana. Rasimu ya zabuni ya vidhibiti vipya. Nataka sharti kwamba vizungumze kwa lugha ya wazi, kama NTCIP inayotumika Marekani, ili kidhibiti cha kampuni moja kielewane na mfumo wa kampuni nyingine. Nataka pia takwimu na nywila zote ziwe mali ya jiji. Bila hivyo unanunua kabati moja leo, na vipuri vyake utamnunulia mtu yule yule hadi ustaafu. Mwenzangu wa manunuzi analalamika: "Masharti yakizidi, wazabuni wanapungua." Hajakosea. Lakini zabuni zikishafunguliwa huwezi kuongeza hata nukta, kwa hiyo tunagombana sasa. Lugha ya wazi imebaki, nywila zimebaki. Yeye amenifutia masharti mengine matatu.

Saa 10 hadi 12 jioni: barua pepe.

Saa 4 usiku. Msumeno unalia. Pembe za mfereji zinakatwa kwa mshazari ili waya usijikunje na kuchubuka. Mizunguko mitatu ya waya, kipimo cha kuangalia kama umeme unavuja, kisha gundi nyeusi juu. Fundi anapitisha gari, kijitaa ndani ya kabati kinawaka. Pikipiki inapita, kimya. Anaongeza usikivu, pikipiki inarudi, kinawaka.

Wengine wanakusanya vifaa. Mimi nimeinama na futi kamba napima kutoka ukingoni hadi kwenye koili, kwa ajili ya mchoro: mita 2.4. Daftari nimeliacha garini, naandika kiganjani.