Chakula kina kesi, dawa haina

Jumapili usiku, Kisumu

Leo nimekula njugu. Karanga za kawaida tu, zile zinazopimwa kwa kikombe cha plastiki pale sokoni Kibuye, zimekaangwa kwa chumvi mpaka ganda linatoka ukiligusa. Nilikuwa nimeziacha tangu mvua za masika, na sikuziacha kwa kuzichoka. Nilikuwa nawashwa mwili mzima, na katika nyumba yetu mtu akiwashwa, swali la kwanza ni moja: umekula nini?

Wanaonifahamu wanajua habari yangu na samaki. Nimeolewa huku kutoka Maragoli, na mwili wangu haumtaki samaki wa aina yoyote, awe ngege, mbuta au omena. Midomo inavimba, mabaka yanapanda shingoni, koo linaanza kubana. Daktari alinieleza kwamba ndani ya nyama ya samaki kuna protini iitwayo parvalbumini, na moto wa jikoni hauiharibu. Ndiyo maana hata samaki aliyekaushwa kwa mafuta hadi mifupa inavunjika bado ni adui, na ndiyo maana chipsi zilizopita kwenye mafuta ya samaki zinaweza kunilaza. Wakati mwingine mvuke wa sufuria unatosha. Mwaka wa kwanza wa ndoa mama mkwe aliamini namdharau. Siku hizi akitaka kupika hunipigia simu: "Nyar Maragoli, leo usije mapema, tunakaanga." Yaani binti wa Maragoli. Nimeolewa vizuri, niseme ukweli.

Kisha kuna maziwa. Hayo ni mambo mengine kabisa, ingawa majirani huyatia yote kapu moja na kuyaita aleji. Kwa samaki, kinga ya mwili ndiyo inayopigana na protini. Kwa maziwa ni tumbo tu lisiloweza kuvunja sukari iliyomo, na watu wazima wenye tumbo kama langu ni wengi mno Afrika. Samaki anaweza kuniua, maziwa yananiaibisha tu. Maziwa lala nayavumilia kidogo, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya ile sukari kabla yangu.

Mtu mwenye mwili wa namna hii huishi akiishtaki sahani. Kila chakula kinaingia kizimbani, kinahojiwa, na kikikosa wa kukitetea kinafungwa kifungo cha maisha. Dawa ya aleji, hiyo haijawahi kuitwa hata kwa mahojiano. Ndilo jambo nililotaka kuandika leo.

Nilianza na vidonge vidogo vya manjano ambavyo kila Mkenya huviita Piriton, hata kama kopo limeandikwa jina lingine. Dawa yenyewe ni klofeniramini, ya lile kundi la zamani la dawa za aleji ambazo zinapenya hadi kwenye ubongo. Mimi nashughulika na hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi. Ukikosea sufuri moja kwenye risiti ya mabati, utaitwa. Siku ninayomeza kidonge kile asubuhi, macho yanakuwa mazito, mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, na safu za tarakimu zinaanza kuogelea. Unadhani mkubwa wangu alisema nini? Alisema ni ugali wa mchana, nipunguze. Nikapunguza ugali! Nikawa mwenye usingizi na mwenye njaa.

Imani yetu kwa kidonge hicho ina historia. Tuliokulia magharibi mwa Kenya enzi za klorokwini tunakumbuka. Unaugua malaria, unapewa klorokwini, homa inashuka, halafu usiku unawashwa viganja, nyayo, kichwa, kila mahali, hata unajisugua kwenye ukuta wa udongo mpaka unachubuka. Kwa hiyo ukipewa klorokwini ulipewa na Piriton kando yake. Kwa wengi wetu ule muwasho haukuwa aleji hata kidogo, ni dawa yenyewe ndivyo ilivyofanya kwenye miili mingi ya Kiafrika, na Piriton iliupoza kiasi tu. Serikali iliiondoa klorokwini kwenye nafasi yake ya kwanza mwaka 1998 kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea. Ngozi zetu hazikuhusika katika uamuzi huo. Lakini ona: watoto wa darasa la tatu tulijua kwamba dawa inaweza kuwasha. Sijui elimu hiyo tuliiacha wapi tulipokua.

Baada ya mambo ya usingizi nilihamia setirizini. Ni ya kundi la baadaye, haipenyi sana kwenye ubongo, ingawa wapo ambao bado inawasinzisha. Nikaipenda. Ila rafiki mmoja aliyekuwa amesoma kitu kwenye simu akaniambia kidonge hicho kina maziwa ndani. Na ni kweli kwa namna fulani: vidonge vingi vya setirizini, na vya loratadini pia, vimeshikanishwa kwa laktosi, ile sukari ya maziwa. Nikaenda kwenye kemisti karibu na kazini nikauliza.

"Daktari, kuna ya aleji isiyo na maziwa?"

"Chukua hii ya maji, madam. Ni ya watoto, haina shida."

Ya maji ikanitesa kuliko maziwa yenyewe. Tumbo likajaa, likanguruma, nikaendesha. Nyumbani kesi ikafunguliwa dhidi ya maharagwe, halafu sukuma wiki, halafu maji ya mfereji. Ni mfamasia mwingine, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, aliyegeuza chupa na kunionyesha neno sorbitoli. Hicho ni kitu kitamu kinachotiwa kwenye dawa nyingi za maji. Utumbo hauwezi kukifyonza chote, kinachobaki kinavuta maji na bakteria wanakifanyia sherehe. Mtoto anakunywa kijiko kidogo. Mtu mzima akitaka miligramu zake 10 anakunywa mililita 10 za ile yenye miligramu 5 kwa kijiko, na kwa tumbo jepesi kama langu hiyo ni nyingi. Kuhusu laktosi ya kidonge alicheka tu. Kiasi kilichomo hakifiki hata gramu moja, alisema, na wengi wasiopatana na maziwa huweza kunywa glasi moja ndogo bila tumbo kulalamika. Kwa hiyo nilikuwa nimekimbia kitu kisichonidhuru nikakimbilia kinachonidhuru, kwa ushauri wa kaunta. Mwenye aleji kali ya protini ya maziwa, hilo ni suala lingine na akaulize kwa daktari wake. Mimi si huyo.

Sasa njoo kwenye njugu.

Tulihamia ploti ambayo jirani wa mlango wa pili hukaanga samaki wa kuuza kila jioni. Nikawa nameza setirizini kila siku, si kwa kuumwa bali kwa tahadhari, na nikaendelea hivyo zaidi ya mwaka. Masika jirani akahama. Nikaona, Mungu ni mwema, sasa naweza kupumzisha mwili. Nikaacha vidonge. Haukupita muda nikaanza kuwashwa. Si mabaka, si kuvimba, ni muwasho mtupu unaotembea chini ya ngozi, mikononi, mgongoni, ndani ya masikio. Usiku ndio ulikuwa mbaya zaidi.

Baraza la familia likakaa. Mume wangu alishuku mayai. Mama mkwe alishuku nyanya za kipindi hiki, ati zinapigwa dawa nyingi. Jirani akasema njugu, kwa sababu binamu yake wa Ahero alivimba kwa njugu. Mimi niliyekula njugu tangu nina meno ya utotoni, nikaziacha. Na mayai. Na nyanya. Ndizi mbivu nazo zikaingia orodhani, sikumbuki nani alizishtaki. Muwasho ukabaki pale pale. Nikawa nakula ugali, sukuma na nyama ya kuchemsha, naanza kuogopa hata chumvi. Watu hudhani mtu mwenye aleji ana deko la mdomo. Hawajui jinsi inavyochosha kukitazama chakula na kutoona chakula, unaona washukiwa.

Wifi yangu ni muuguzi. Alikuja Jumamosi moja, akanikuta najikuna kwa kitana. Hakuniuliza nimekula nini.

"Umeacha nini?" akauliza.

"Nimeacha njugu, mayai, nyanya..."

"Hapana, kabla ya muwasho. Kuna kitu uliacha kabla hujaanza kujikuna?"

Nikabaki nimemtazama. Akatoa simu akanisomea. Mei 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo: baadhi ya watu wanaotumia setirizini au ndugu yake levosetirizini kila siku kwa miezi au miaka hupata muwasho mkali siku chache baada ya kuacha. Ni nadra. Walikuwa wamekusanya ripoti 209, karibu zote za Marekani kwenyewe, kwa dawa inayomezwa na mamilioni. Wengi walipoirudia muwasho uliisha, na baadhi waliweza kuiacha kwa kupunguza pole pole. Daktari wangu aliniuliza maswali mengi kabla ya kukubali. Aliuliza pia kama mabaka yaliwahi kutoka baada tu ya kumeza kidonge, kwa sababu wapo wachache ambao aleji yao ni dawa ya aleji yenyewe. Sikuwa mmoja wao. Nikarudia dawa, muwasho ukakatika, kisha tukaanza kushuka: siku moja naruka, siku moja nameza nusu, mpaka nikafika chini salama. Vyakula akavirudisha kimoja kimoja, njugu zikawa za mwisho.

Alinionya na jingine, nami naliandika kwa herufi zinazoonekana: kidonge cha aleji hakifungui koo lililobana. Samaki akinipata na pumzi ikaanza kukata, dawa ni adrenalini ya sindano kwenye msuli wa paja, haraka, na hospitali. Kidonge kinaweza kuja baadaye kushughulikia kuwashwa. Hapa kwetu nimeona watu wakimpa mgonjwa Piriton mbili na maji, halafu wanakaa kumsubiri apate nafuu.

Kinachonikera zaidi katika haya yote ni lile koti la dawa tunalovuliwa kaunta. Ukienda kemisti hupewi boksi. Mhudumu anatoa vidonge kwenye kopo kubwa, anavihesabu kwa kisu cha plastiki, anavitia kwenye kibahasha na kuandika 1x1. Au anakata ukanda kwa mkasi. Karatasi ya maelezo, ile yenye orodha ya rangi, wanga, sukari na maonyo, inabaki dukani ikifungiwa vitu vingine au inatupwa. Kwa mtu wa kawaida huenda si hoja. Kwa mtu anayesoma kila pakiti ya biskuti, ni kumfunga macho. Na dawa ileile ikitoka kiwanda kingine inaweza kuwa na rangi tofauti na kishikizo tofauti, kwa hiyo mwezi huu imekukubali, mwezi ujao imekukataa, nawe unarudi kuishtaki nyanya. Siku hizi naomba boksi zima au karatasi yake. Mara nyingi naangaliwa kama mkaguzi wa kodi. Boksi zima ni ghali pia, sikatai, na mwenye shilingi hamsini mfukoni hana anasa hiyo.

Daftari langu la chakula limeongezewa safu ya dawa: nilichomeza, nilichobadilisha, nilichoacha. Mama mkwe ameliona. Amesema kama kila kitu kinaandikwa, basi niandike pia kwamba samaki wake hawakuhusika safari hii.

Wifi amenisisitiza nitoe taarifa kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Wana fomu ya manjano ya madhara ya dawa, na hata mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kuripoti mtandaoni. Nimekaa nayo jioni hii. Jina la dawa ninalo, kipimo ninacho, muda wa kutumia ninao. Walipouliza kiwanda na nambari ya toleo nikaenda kutoa mabaki ya ukanda kwenye droo: mkasi wa kemisti ulipita katikati kabisa ya maandishi, imebaki herufi mbili na nusu ya tarakimu. Nimeituma hivyo hivyo, na kwenye nafasi ya maelezo ya ziada nimeandika kwa nini.