Siku yangu karakanani na bawa la Caproncino

Saa 1:30 asubuhi. Kabla sijashika chombo chochote nasoma kipimo cha unyevu ukutani. Karakana yetu, nje kidogo ya Milano, inakarabati ndege za zamani za mbao, na hewa ikiwa na maji mengi gundi haishiki. Leo ni kavu. Mezani limelala bawa la chini la Caproni Ca.100, ndege ya mafunzo ambayo Waitalia waliipenda wakaiita Caproncino.

Saa 2. Msasa kwenye mbavu za bawa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kiwanda cha Caproni kule Taliedo kilichukua leseni ya Moth ya de Havilland, ndege ya Kiingereza, kisha kikaigeuza mabawa. Kwenye ndege nyingi zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, bawa la juu ndilo huwa refu. Kwa hii, refu ni la chini, mita 10 kutoka ncha hadi ncha. Wageni hudhani tumekosea kufunga.

Saa 4, chai ya haraka.

Saa 4:15. Hapa ndipo moyo wangu ulipo: kushona. Kitambaa kimeshavikwa juu na chini ya bawa. Mzee wetu wa karakana anapitisha sindano ndefu, mimi naipokea upande wa pili, tunaurudisha uzi uliopakwa nta kuzunguka ubavu, tunafunga fundo, tunasogea. Hatuzungumzi. Mwanafunzi wa urubani aliyetua vibaya mwaka 1932 alipasua kitambaa na kuvunja mbavu. Fundi mwenye mbao, gundi na uzi aliirudisha ndege kazini. Kwa shule ya urubani hilo lina thamani kuliko mwendo. Hata injini haikuchagua sana: Gipsy, Fiat, Colombo, kuanzia takriban nguvu farasi 85. Ziliundwa mamia, nyingine hadi Peru.

Saa 7 mchana, mkate na jibini.

Saa 8. Wanafunzi wa shule wanatutembelea. Nawaonyesha viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, mwalimu na mwanafunzi. Binti mmoja anauliza kama ilipigana vita. Namjibu kwamba hii ilikuwa ya kufundishia na kubeba ujumbe. Lakini Regia Aeronautica, jeshi la anga la Italia lililoundwa 1923, halikufundisha marubani kwa ajili ya matembezi. Kuanzia 1935 ndege zake ziliipiga Ethiopia kwa mabomu na gesi ya sumu. Mimi ni mtu wa Afrika Mashariki. Siwezi kuisifu ndege hii nikaliruka hilo. Mwalimu wao ananiomba nirudie, polepole, waandike.

Saa 9:30. Barakoa usoni, madirisha wazi, mkono wa kwanza wa rangi ya kukazia kitambaa. Harufu yake ni kali. Kitambaa kinalowa, kinalegea kidogo, kisha kikikauka kinajivuta chenyewe hadi kinalia kama ngoma ukikigonga. Kona moja karibu na ncha bado imelegea. Mzee anaiwekea alama ya chaki: kesho tutaifumua na kuishona upya.