Kupiga picha vumbi la Rho Ophiuchi kwa lenzi ya milimita 135

Wanaoanza kupiga picha za nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi angani, huenda moja kwa moja kwenye zile nyekundu zinazong'aa, kama Orion au Carina. Hizo hazina ubishi: haidrojeni inawaka yenyewe, na hata kutoka pembezoni mwa mji unapata kitu. Vumbi ni kesi nyingine. Haliwaki. Linaonekana kwa sababu nyota iliyo karibu inalimulika, au kwa sababu linaziba nyota zilizo nyuma yake. Mbinu nyingi zinazookoa picha ya Orion huliua vumbi, na sehemu kubwa ya kazi ni kujua zipi za kuacha.

Mfano wangu ni eneo la Rho Ophiuchi, mpakani mwa makundi-nyota ya Akarabu (Scorpius) na Hawaa (Ophiuchus), kaskazini-magharibi kidogo ya Antares, nyota angavu nyekundu. Ni kiwanda cha nyota kilicho umbali wa miaka nuru kama 450, miongoni mwa vile vilivyo karibu zaidi nasi. Darubini ya James Webb ilipotimiza mwaka mmoja wa kazi Julai 2023, picha ya sherehe ilikuwa ya kipande kidogo cha wingu hili. Webb hutazama kwa infraredi, inayopenya vumbi. Sisi tuna mwanga wa kawaida, kwa hiyo tunaliona vumbi lenyewe.

Kwa aliye kati ya Nairobi na Lubumbashi eneo hili ni zawadi. Lipo nyuzi 23 hadi 26 kusini mwa ikweta ya anga, kwa hiyo Dodoma linapanda hadi nyuzi 72 hivi juu ya upeo. Mpiga picha wa Ujerumani analiona likitambaa chini kabisa, ndani ya utando wa hewa nzito. Katikati ya Mei linafika juu kabisa mnamo saa 7 na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, katikati ya Juni saa 5 na nusu, katikati ya Julai saa 3 na nusu. Linakaa juu ya nyuzi 30 kwa saa 4 hivi kila upande wa kilele. Juni ndiyo mwezi bora: masika yameisha, na moshi wa kuchoma mapori bado haujawa mzito kama wa Agosti.

Unataka usiku usio na mwezi, na hapo mko pamoja na wavuvi wa dagaa, ambao nao husubiri giza. Ndiyo maana ufukwe wa Ziwa Victoria au Tanganyika ni mahali pabaya kwa kazi hii siku hizohizo: majini kumejaa taa. Pwani ya bahari nako kusi hutikisa tripodi na chumvi hukaa kwenye lenzi. Nenda bara, pakavu, mbali na mji.

Umbali huo si anasa, na hesabu yake ni rahisi. Anga zuri la porini lina mng'ao wa kama 21.7 kwa kipimo cha magnitudo kwa kila sekunde ya tao mraba (sekunde ya tao ni sehemu 1 ya 3,600 ya nyuzi), ambapo namba kubwa ndiyo giza zaidi. Pembezoni mwa mji mkubwa ni kama 19.5. Tofauti hiyo ya magnitudo 2.2 ni mwanga mara 7 na nusu. Kwa kitu hafifu kuliko anga lenyewe, na vumbi ndivyo lilivyo, muda unaohitajika huongezeka kwa kiasi hichohicho. Saa 2 za porini ni saa 15 za mjini. Nauli ya basi ni nafuu.

Usitegemee kichujio kukuokoa. Vile vya bendi nyembamba, vinavyopitisha haidrojeni kwenye nanomita 656 na oksijeni kwenye 501 tu, vinafanya maajabu kwa nebula zinazowaka. Vumbi linaakisi mwanga wa nyota wa rangi zote, kwa hiyo kichujio hicho hulitupa pamoja na mwanga wa mji. Habari njema ni kwamba hapa huhitaji kamera iliyofunguliwa na kubadilishwa kioo cha sensa. Kamera ya kawaida inanasa bluu ya nebula IC 4604 inayoizunguka nyota Rho, manjano ya IC 4606 inayoizunguka Antares, na hudhurungi ya vumbi. Kitakachofifia ni wekundu wa Sh2-9 karibu na Sigma Scorpii tu.

Lenzi ya milimita 135 kwenye sensa ya APS-C, ile ndogo kuliko sensa kamili, inakupa uwanja wa nyuzi 10 kwa 6.6. Weka katikati ya fremu kwenye viwianishi vya anga vya saa 16 dakika 28 (hizi si saa za ukutani), nyuzi 25 kusini, na upande mrefu uelekee mashariki–magharibi: utapata Antares, Rho, fundo la nyota M4, na mwanzo wa mto mweusi Barnard 44 unaotiririka mashariki kuelekea Njia Nyeupe. M4 haihusiani na wingu hili. Ipo mbali zaidi ya mara 10, kama miaka nuru 6,000, lakini inaipendezesha picha. Mwenye sensa kamili anapata nyuzi 15 kwa 10, na akisogeza kidogo kaskazini-magharibi anaingiza IC 4592, ile inayofanana na kichwa cha farasi cha bluu.

Lenzi ya Samyang ya milimita 135, f/2, inapendwa kwa kazi hii, na kwa haki. Ila ukiibana kwa tundu lake la ndani, vibamba vinavyolifunga tundu huitengenezea Antares miale. Dawa ni kufunga mbele ya lenzi mlolongo wa ringi za kupunguza uzi, kutoka milimita 77 hadi 52. Tundu linabaki duara kamili na unapata takriban f/2.6. Ringi hizo ni bei ya chakula cha mchana.

Traka ya nyota, kifaa kinachoizungusha kamera kufuata mwendo wa anga, ni lazima. Kwenye lenzi hii pikseli ya mikroni 3.9 inaona sekunde 6 za tao, na nyota za eneo hili husogea sekunde 13.6 za tao kila sekunde moja. Bila traka, picha ya sekunde moja tu tayari imevuta nyota pikseli 2.

Hapa ndipo watu wa ikweta tunapoteseka, kwa kuwa vitabu vingi vya traka vimeandikwa kwa aliye nyuzi 40 kaskazini. Ukiwa Dodoma, ncha ya kusini ya anga ipo nyuzi 6 juu ya upeo, na nyota yake ya alama, Sigma Octantis, ni hafifu hata kwenye anga safi. Ndani ya vumbi na moshi wa upeoni huioni. Kampala ncha ni ya kaskazini, na nyota yake imelala chini kabisa, nyuma ya kilima au mgomba. Basi achana na kadarubini ka traka ka kulengea ncha. Sawazisha tripodi kwa pimamaji. Inua mhimili wa traka kwa pembe ya latitudo yako ukitumia programu ya simu ya kupima mwinuko, huku simu imegusa sehemu bapa ya mwili wa traka. Uelekeo wa kusini chukua kwa dira, mita kadhaa mbali na gari na tripodi ya chuma, kisha sahihisha mkengeuko wa sumaku wa mahali ulipo. Huku kwetu kwa kawaida ni nyuzi chache tu.

Hiyo inakutosha kuanza. Kosa la nusu nyuzi kwenye mhimili linavuta nyota, kwa kiwango cha juu, sekunde 8 za tao ndani ya dakika moja, yaani pikseli 1.3. Inavumilika. Ukitaka bora zaidi, subiri eneo lifike kwenye meridiani, mstari wa kaskazini–kusini unaopita utosini, piga picha ya dakika 4, utazame nyota zinavutika kiasi gani kaskazini–kusini. Zungusha traka kidogo upande mmoja, piga tena. Mchirizi ukirefuka, rudi upande wa pili. Kwenye meridiani mvutano huo unatokana na kosa la uelekeo, si la mwinuko, kwa hiyo unarekebisha skrubu moja tu. Mwenye laptopu anaweza kutumia NINA, programu ya kuendesha kamera na vifaa vya anga, ambayo kwa nyongeza yake ya pointi tatu hulenga mhimili kwa picha za sehemu yoyote ya anga, bila kuiona ncha.

Ukiona michirizi mirefu, kama pikseli 270 kwa dakika, usiguse mhimili. Swichi ya traka imewekwa kaskazini badala ya kusini, na inazunguka kinyume.

Jambo jingine la latitudo yetu ni kwamba mhimili unakuwa karibu ulale. Fimbo ya uzito wa kusawazisha inagonga mguu wa tripodi eneo likiwa bado juu, mara nyingi saa ambayo umeshaingia ndani ya gari. Weka kipande cha nguzo kati ya tripodi na traka, kisha zungusha kwa mkono safari nzima ya usiku kabla ya kuanza. Upande wa mashariki uache uzidi kidogo kwa uzito ili meno ya gia yabaki yameshikana.

Fokasi usiipatie Antares. Ni nyekundu mno, na lenzi haikutanishi nyekundu na bluu mahali pamoja. Nyota nyingine zote zitabaki na duara la zambarau. Tumia Rijili Kantori (Alpha Centauri), ambayo majira hayo inawaka upande wa kusini na rangi yake inakaribia ya jua. Kuza kwenye skrini mara 10, tumia barakoa ya Bahtinov, kifuniko chenye mipasuo kinachoonyesha fokasi ikikaa sawa, kisha funga ringi ya fokasi kwa selotepu. Angalia tena kila baada ya saa moja, kwa sababu usiku wa Juni kule Iringa au Njombe joto hushuka haraka na lenzi hujikunja nalo. Huko huko utahitaji mkanda wa joto wa USB kwenye lenzi, maana umande hauna salamu.

Mipangilio: RAW, ISO 800 au 1600, sekunde 60. Kichuguu cha histogramu, ile grafu ya mwangaza wa picha, kikae kati ya robo na theluthi kutoka kushoto. Zima kiondoa chenga (noise) cha ndani ya kamera, kinachokula nusu ya usiku, na zima kitulizi cha lenzi. Kila baada ya fremu 4 sogeza kamera pikseli 10 hadi 20 upande wowote. Usipofanya hivyo, doa za sensa zitaungana kuwa michirizi baada ya kurundika, yaani kuunganisha fremu zote kuwa picha moja. Lenga fremu 240, saa 4. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha muda: ili zipungue nusu, unahitaji muda mara 4.

Fremu za mwanga bapa (flats), zinazorekodi weusi wa pembe za lenzi ili uondolewe baadaye, ndizo watu huziruka, na kwa vumbi hazirukwi. Pembe za lenzi iliyofunguliwa kwa f/2.6 zinakuwa nyeusi, na weusi huo una tofauti kubwa kuliko vumbi lenyewe. Kabla hujagusa fokasi wala kuitoa lenzi, funika kwa fulana nyeupe tabaka mbili, weka tableti yenye skrini nyeupe juu yake, piga fremu 30 zenye histogramu katikati. Shata lisiwe kasi kuliko sehemu 1 ya 30 ya sekunde, la sivyo mimeto ya skrini inaacha mistari. Kisha fremu 30 za giza (darks), zinazorekodi doa za sensa, kifuniko kimefungwa, ISO na muda uleule, nje palepale kwenye baridi.

Nyumbani, Siril, programu ya kurundika na kuchakata picha za anga, ni bure na inatosha. Tahadhari ya nafasi: fremu ya megapikseli 24 ikishageuzwa kuwa rangi tatu kwa biti 32 inakuwa megabaiti 288. Mara 240 ni gigabaiti 69, na programu hutengeneza msururu zaidi ya mmoja. Weka biti 16 kwenye mipangilio kama diski ni ndogo.

Picha nyingi za vumbi hufia kwenye hatua ya kuondoa mteremko wa mwanga, yaani mng'ao wa anga unaozidi upande mmoja wa fremu. Programu inaona wingu pana la hudhurungi lenye kingo laini, inadhani ni mwanga wa mji, inalifuta. Tumia mteremko wa daraja la 1 (mnyoofu) tu, kwenye kila fremu kabla ya kurundika, kwa sababu mwanga wa upeoni huzunguka ndani ya fremu usiku unavyosonga. Baada ya kurundika, kama bado upo, weka pointi za sampuli kwa mkono, chache, mahali penye nyota nyingi na pasipo na hudhurungi. Zana za akili bandia zitumie kwa ulaini wa juu, na kila mara tazama kile zilichokiondoa: ukiona umbo la mto ndani ya taswira ya mteremko, umekula vumbi lako.

Kuna kipimo kisichodanganya. Usiku wa pili geuza kamera nyuzi 180 na upige tena. Mteremko wa lenzi unakwenda na kamera, mwanga wa mji unakwenda na upeo, vumbi linabaki na nyota.

Sawazisha rangi kwa katalogi ya nyota ya Gaia, tenganisha nyota na nebula kwa programu ya StarNet, kisha nyoosha nebula (ng'arisha sehemu zake hafifu) pole pole, mara 4 au 5, badala ya mara moja kwa nguvu. Usiifanye mandharinyuma kuwa nyeusi. Iache kwenye thamani ya 25 hadi 38 kati ya 255, kwa sababu sehemu kubwa ya unachokiona hapo ni vumbi. Hudhurungi ikigeuka nyekundu ya matofali umezidisha. Nyota zirudishe zikiwa zimenyooshwa kidogo kuliko nebula, Antares ibaki na rangi yake ya chungwa badala ya kuwa tundu jeupe. Hifadhi nakala ya biti 16 kabla ya kutoa JPEG, na JPEG yenyewe itoe kwa ubora wa 90 kwenda juu, maana mgandamizo mkali hukata mawingu haya laini kuwa ngazi ngazi.